Mlima Hauchomi Makaa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Phoebe Naliaka, mkemia, mkazi wa Riruta Satellite, aliyetuaga Agosti hii ya 1996. Nawaambia mapema, leo nina hasira. Mnivumilie.

Naliaka alikuwa akipima gesi za volkano. Ndiyo, gesi. Kwenye mlima mmoja wa Bonde la Ufa kuna nyufa zinazotoa mvuke. Mimi na wewe tunaona moshi. Naliaka aliona habari: moto wa chini umetulia, au unapanda. Alianza mwaka 1983. Alitega faneli juu ya ufa, akaivuta gesi kwa mpira hadi ndani ya chupa ya kioo, akaileta maabara, hapa mjini. Alipanda na mwenzake wa kazi, rafiki wa familia, mtu wa Kabiria, hapa hapa mjini. Jina lake ninalo. Silitaji, kwa sababu Naliaka mwenyewe alikataa litajwe.

"Mama alikuwa anarudi ananuka mayai viza," anasema binti yake, Nanjala. "Tukimcheka anasema, hiyo ndiyo pafyumu ya kazi."

Sasa sikilizeni vizuri. Chini ya nyufa zile kuna bonde dogo ambako wafugaji walilala na mbuzi wakati wa baridi. Na kuna gesi ya volkano isiyo na rangi wala harufu. Ni nzito, inajaa bondeni kama maji kwenye karai. Ukiinama humo, umekwisha. Kwa hiyo kila msimu mama mmoja mfugaji, Nasieku, alimuuliza Naliaka: tulale au tuhame? Naliaka alipima kwanza, ndipo akajibu.

Mwaka 1989 aliteleza mlimani, akavunjika nyonga. Hakupanda tena. Rafiki akamwambia, "Wewe pumzika, mimi si niko?" Akawa analeta chupa. Zikionyesha hewa ya kawaida, alisema zimevuja njiani. Naliaka akamwamini. Majibu yakawa yaleyale msimu baada ya msimu: mlima umetulia. Naliaka akatuma neno kwa Nasieku. Laleni.

Mwaka 1992 mume wa Nasieku aliingia bondeni kufuata mbuzi walioanguka. Hakutoka.

Naliaka akaichukua chupa ya mwisho, akaipima upya, mara hii akitafuta kitu ambacho hakuwahi kuwa na sababu ya kukitafuta. Akakikuta tele: ile gesi ya jiko la makaa inayoua watu waliofunga madirisha. Akamwita rafiki yake nyumbani. Nanjala alikuwepo. "Mama hakupandisha sauti. Alisema tu, 'Mlima hauchomi makaa.'"

Bwana yule alikuwa akitega faneli juu ya jiko lake, uani kwake. Narudia, wasikilizaji wapendwa. Juu ya jiko, Kabiria. Na alijitetea vipi? "Mama Nanjala, kule ni mbali, na majibu si yalikuwa tu yaleyale?"

Naliaka aliomba apelekwe kwa Nasieku, akamweleza yote bila kuficha. Nasieku akamjibu, "Huyo mtu wako sisi hatumjui. Tulikuamini wewe." Nanjala anasema tangu siku hiyo mama yake hakucheka tena kama zamani.

Wiki jana, kwenye matanga pale Satellite, bwana yule alikuja. Akashika kipaza sauti mbele ya watu, akaanza, "Mimi na Phoebe tulipanda pamoja." Nanjala aliingia ndani, akatoka na ile chupa, akamwekea mkononi. Bwana yule hakuuliza ni ya nini. Aliitia kwenye mfuko wa koti, akakaa.

Pole sana, Nanjala, wewe na ukoo wote. Pole Nasieku, popote ulipohamia na mbuzi wako. Na wewe msikilizaji, kabla hujazima redio, fikiria ni nani amelala usingizi kwa sababu ulimwambia ni salama. Ulipanda kwenda kuangalia?