Fundi Aliyetunza Funguo za Mtaa

Mpendwa wetu, ambaye wengi mlimwita Fundi Kufuli, alizaliwa tarehe 9 Juni 1954 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko la zamani. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba. Baba yake alikuwa mpaka rangi wa majumba, na mama yake alishona magodoro. Mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyu aliwahi kutembea kuliko wenzake wote kwa sababu alikuwa na haraka ya kulifikia komeo la mlango.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1962 hadi 1968. Akiwa darasa la tano, mwalimu mkuu alipoteza ufunguo wa kabati la chaki, na marehemu akalifungua kwa kipande cha waya wakati wa mapumziko bila kutumwa na mtu. Mwalimu alimchapa kwanza, akamshukuru baadaye. Hakuendelea na masomo, kwa kuwa baba yake alianguka kutoka kwenye ngazi akaumia mgongo. Alipelekwa kwa mjomba wake aliyekuwa fundi wa kufuli, akajifunza kushika tupa na jiriwa.

Mwaka 1976 aliweka meza yake mwenyewe katika baraza ya mtaa wa maduka, katikati ya mji. Hakuwa na duka. Alikuwa na meza, kiti, na ubao wenye misumari uliotundikwa ukutani nyuma yake. Kila mwenye duka mtaani hapo alimwachia ufunguo wa akiba, naye akautundika kwenye msumari wake. Funguo hazikuwa na alama yoyote, lakini yeye alizijua kwa kuzishika. Mtu akijifungia nje, alikwenda kwa Fundi. Naye alikuwa na utaratibu wake: hafungui mlango wa mtu bila jirani kusimama pale na kuona. Hata duka la muuza viatu, rafiki yake wa kufa na kuzikana, hakulifungua peke yake hata mara moja.

Mke alimpata kwa kazi hiyohiyo. Binti mmoja wa kwaya alikuwa amepoteza ufunguo wa kabati la majoho, na Jumapili imefika. Fundi akaitwa, akafungua, akachonga ufunguo mpya. Binti alipotoa leso ajifute jasho, ufunguo wa zamani ukaanguka chini, ti! Wanakwaya wakacheka mpaka wakakaa chini. Fundi hakucheka. Aliuokota, akasema, "Dada, huu nikurudishie, au nikutunzie?"

"Nitunzie tu, kaka. Mimi umenishinda."

Walifunga ndoa kanisani tarehe 12 Desemba 1981, na Mungu akawajalia watoto wanne. Ufunguo ule ulikaa kwenye msumari wa kwanza wa ubao miaka yote.

Mwaka 2011 manispaa ilitangaza kwamba katikati ya mji patajengwa upya. Majumba ya mtaa ule yalikuwa mali ya manispaa, na kusema kweli yalikuwa yamechoka; mvua ikinyesha, muuza vitambaa alifunika mali yake kwa turubai akiwa ndani ya duka. Manispaa haikuwa na fedha, kwa hiyo iliingia ubia na kampuni binafsi. Manispaa itoe ardhi, kampuni itoe fedha na kujenga. Ghorofa za juu kampuni itazipangisha kwa miaka waliyokubaliana, na maduka ya chini watarudishiwa wapangaji wa zamani. Wapangaji waliogopa jambo moja tu, kwamba wakishatoka hawatarudi. Hawakutaka kuwakabidhi funguo manispaa, wala kampuni. Wakampa Fundi funguo zote, wakamwambia azitoe siku atakaporidhika.

Kikao kilifanyika Machi 2012 katika ukumbi wa manispaa. Ofisa wa manispaa na meneja wa kampuni walikaa pamoja mbele, wakaahidi mbele ya watu wote kwamba kila mpangaji atarudi. Muuza viatu alimvuta Fundi shati.

"Usizitoe, ndugu yangu. Hawa watu bado hawajaoana vizuri."

"Wamekaa meza moja, wanakunywa chai ya birika moja," Fundi akasema. "Unataka nini tena, wafungishwe ndoa?"

Akasimama, akaweka funguo mezani.

Maduka yalibomolewa mwezi uliofuata, uzio wa mabati ukawekwa, kisha kazi ikasimama. Wabia walikuwa wamegombana juu ya bomba jipya la majitaka. Manispaa ilisema bomba ni sehemu ya jengo. Kampuni ilisema bomba lipo barabarani, na barabara ni ya manispaa. Majani yakaota ndani ya uzio hadi yakawapita watu kimo. Wapangaji walihamishiwa kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya kituo cha zamani cha mabasi, mahali ambapo mteja hafiki mpaka awe amepotea njia. Wawili waliacha biashara kabisa.

Marehemu alikwenda ofisi za manispaa na za kampuni hadi akachoka. Kwa hawa aliambiwa awaulize wale, na kwa wale aliambiwa awaulize hawa. Pale uwanjani akipita, walikuwapo waliomwimbia, "Chai ya birika moja!" Muuza viatu hakumwimbia. Aliacha tu kumsalimu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Nyumbani, ubao ulibaki na misumari mitupu na ule ufunguo mmoja wa kabati. Mke wake alipomshauri auondoe ukutani, alijibu, "Uache. Nimekosa mimi, siyo ubao." Alimwomba Mungu jambo hilo, wapangaji warudi, kila asubuhi, tena kwa sauti, kiasi kwamba watoto wote walilijua.

Mwaka 2016 aliona kwamba kosa lake lilikuwa kuwafuata mmojammoja. Aliwaomba wabia wote wawili waje siku moja, saa ileile, pale kwenye uzio, na wapangaji wawepo. Ilichukua miezi, lakini walikuja. Meza ikawekwa kwenye vumbi, na kampuni ikaleta chai na vikombe vizuri. Fundi akaliondoa birika mezani, akaliweka chini ya kiti chake.

"Wazee wangu, mtanisamehe. Chai baadaye."

"Baadaye lini, mzee?" meneja akauliza.

"Bomba likishapata mwenyewe."

Watu walicheka, hata ofisa wa manispaa. Mhandisi wa manispaa ndiye aliyependekeza kwamba kilicho ndani ya kiwanja kiwe cha kampuni, na kilicho chini ya barabara kiwe cha manispaa. Wakakubaliana. Wapangaji nao wakapewa kiti katika kamati ya ubia, na marehemu alikikalia hadi jengo lilipokwisha. Chai ilinywewa ikiwa imepoa.

Maduka yalifunguliwa tarehe 3 Agosti 2019. Wapangaji walirudi, isipokuwa wale wawili. Fundi mwenyewe hakuwa na mlango katika ramani, maana hakuwahi kuwa mpangaji. Wenzake wakamwombea nafasi chini ya ngazi, karibu na lango, akapewa. Kila mlango mpya ulikuja na funguo mbili, mmoja wa mwenye duka na mwingine wa ofisi ya jengo. Kwa utaratibu huo, hakuna aliyehitaji tena kumwachia Fundi ufunguo. Aliuacha ubao ukae nyumbani.

Mwaka 2021 alianza kuvimba miguu na kupungukiwa pumzi, na madaktari wakasema moyo umechoka. Binti yake wa mwisho alishika meza. Mwezi wa pili tu wa kulala kitandani, muuza vitambaa alikwenda kwa binti akasema, "Nichongee wa tatu, umpelekee baba." Wengine wakafuata. Ubao ukatundikwa chumbani kwa mgonjwa, na jioni alikuwa akizishika funguo moja baada ya nyingine, akitaja wenyewe. Msumari mmoja ulibaki mtupu. Hakukubali kitu kingine kitundikwe hapo.

Jumapili ya tarehe 5 Februari 2023, baada ya ibada, muuza viatu alipiga hodi. Alikaa kando ya kitanda. Kisha akatoa ufunguo mfukoni.

"Nimechoka kufunga duka halafu nisilale."

Fundi akamgeukia mkewe. "Mama, tuletee chai. Birika moja tu."

Marehemu aliitwa na Muumba wake alfajiri ya Alhamisi iliyofuata, tarehe 9, nyumbani kwake, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, dada wawili, na shemeji na wapwa wengi. Familia inawajulisha wapangaji wote kwamba ubao utarudi ukutani juu ya meza chini ya ngazi siku ya Jumatatu, chini ya uangalizi wa binti yake, kwa utaratibu uleule wa kufungua mbele ya jirani. Ufunguo wa msumari wa kwanza hautakuwapo. Mjane ameomba aendelee kuutunza yeye.

Bwana ampumzishe kwa amani. Mtaa umefungwa salama.