Udongo Walioninyima

Tumsifu Yesu Kristo! Ndugu zangu, nimesimama mbele yenu na kichwa changu kina nywele zake zote. Mkishasikia yaliyotaka kunipata, mtajua kwa nini nasema Bwana asifiwe kwa sauti kubwa hivi.

Mimi ni Mama Anjela. Kwetu ni Mbesa, kule Tunduru, kwa Wayao. Niliolewa hapa Songea na nikabatizwa hapa hapa. Wanawake wa mtaa wetu walipoanzisha kitalu cha michikichi kule bondeni, ili tuwauzie miche watu wa Nyasa, kule kwenye joto, nami nikajiunga. Mwenyekiti wetu alikuwa Mama Mapunda. Kila mama alikuwa na safu yake ya viriba, ile mifuko myeusi ya kuoteshea miche.

Siku ya kujaza viriba nilifika na ndoo yangu. Mama Mapunda akalaza jembe mbele ya lundo la udongo. "Hapana, Mama Anjela. Udongo huu tumeubeba kichwani kutoka msituni kule mlimani, wewe ukiwa kwenu. Tafuta wa kwako." Nilikuwa nimeenda msibani, jamani! Nikameza uchungu. Nikachimba kichuguu nyuma ya nyumba yangu, nikachanganya na samadi ya mbuzi, nikapanga viriba vyangu peke yangu, upande wa juu wa kitalu.

Haukupita muda mrefu, miche yao ikaanza kuwa ya njano. Ikanyauka, ikalala. Mche ukifa, walimwaga kiriba, udongo wakaurudisha kwenye lundo, wakajaza tena na kupanda mwingine. Nani atupe udongo aliouteremsha mlimani kwa shingo yake? Na ile mipya nayo ikafa. Ya kwangu ilisimama kijani mpaka mimi mwenyewe nikaiogopa.

Hapo macho yote yakahamia kwangu. Nikifika kisimani, mazungumzo yanakatika. Mama Mapunda akapanga zamu za kulinda kitalu, na aliyelindwa ni mimi. Nikishika rozari, wanasema Myao huyu anaficha mambo yake humo. Nami, ndugu zangu, sikuwa malaika. Jirani akija kuomba chumvi, nilimtazama mikono. Nikimpa, yeye anaitazama chumvi. Tuliishi hivyo, kila mtu na jicho lake la pembeni.

Asubuhi moja mama mkwe akaniita jikoni. "Mwanangu, kwa heshima ya nyumba hii, utakwenda kwa yule mganga wa ng'ambo ya mto, akunyoe. Ukikataa, urudi Mbesa. Watoto watabaki." Mnaijua habari hiyo. Anayeshukiwa uchawi hunyolewa nywele zote na kunyweshwa dawa, na tangu siku hiyo anaitwa mchawi aliyenyolewa mpaka kaburini. Mume wangu alikuwa pale, anaangalia kikombe chake. Watoto wangu, ndugu zangu! Watoto niliowazaa mimi!

Nililia mbele za Mungu. Sauti sikusikia. Nilichopata ni hasira, na ndani ya hasira likaja wazo. Nikaenda kwenye kikao cha wanawake wa kitalu.

"Shikamooni, mama zangu. Kabla ya wembe, naomba jambo moja. Chagueni miche yangu miwili iliyo mizuri kuliko yote. Mmoja mpandeni katika udongo wenu, mwingine katika wangu. Viriba hivyo viwili vikae kwa katekista, chumba kifungwe, ufunguo akae nao Mama Mapunda, na maji amwagilie yeye. Mimi sitakanyaga."

Wakanong'onezana kwamba ni mtego, lakini wakakubali. Nikarudi nyumbani kusali sala ambayo sijawahi kuisikia kanisani: Bwana, uue mche wangu ulio katika udongo wao! Ukabaki kijani. Nikaanza kufunga nguo zangu kwenye kanga. Kisha habari ikaja: ule ulio katika udongo wao umekuwa wa njano.

Mmoja wao akasema, "Ameuroga kwa mbali." Mama Mapunda akamgeukia. "Auroge mche wake mwenyewe? Na ufunguo uko shingoni kwangu?" Akapasua kiriba kwa kisu. Mizizi ilikuwa myeusi, laini, inanuka kama muhogo uliosahaulika majini. Akapasua kile cha udongo wangu: mizizi myeupe, imekaza. Akashuka bondeni, akapasua kimoja cha safu yake. Myeusi vilevile.

Bwana shamba aliitwa, akasema ni ugonjwa wa ukungu, unakaa udongoni na kula mizizi, na kila waliporudisha udongo wa mche uliokufa walikuwa wanaulisha lundo zima. Aleluya! Ule udongo walioninyima ndio uliokuwa na kifo ndani yake. Mimi nililia kwa kunyimwa, kumbe Mungu ananiokoa!

Mama Mapunda alikuja mlangoni kwangu na ndoo tupu. "Hodi, Mama Anjela. Kile kichuguu chako bado kina udongo?" Nilimtazama mikono kwanza, siwadanganyi; kwenye kushuku Mungu bado ananishughulikia. Kisha nikachukua jembe, tukachimba pamoja.

Ndugu yangu uliyefungiwa mlango leo, usimwache Mungu. Mshike, hata kwa hasira mshike! Namshukuru yeye, nawashukuru nyinyi mlioniombea. Na msuko huu mnaouona, jana jioni nilikaa chini kwenye mkeka, mama mkwe wangu akanisuka kwa mikono yake. Yuko pale benchi la mbele. Mama, simama wakuone.