Wenzangu Wanalifikiria

Benchi hili ni langu. Nalisema mapema, maana ukipita hapa utadhani ni la Refa, kwa kuwa ndiye anayekaa katikati, au la Spika, kwa kuwa ndiye anayesikika. Mimi ni fundi cherehani wa kibanda hiki kilicho nyuma yake, na benchi nililiweka kwa ajili ya wateja wanaosubiri nguo. Siku hizi wateja husimama. Kila asubuhi Sukari anatua birika lake la kahawa hapo pembeni (tunamwita Sukari kwa sababu kahawa yake haijawahi kuionja sukari tangu azaliwe), na kuanzia hapo ni kelele mpaka birika likauke. Wao wanaongea, mimi nashona. Nimewachoka, lakini masikio hayana vifungo.

Wiki kadhaa sasa tuna mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe hatujawahi kumtia machoni. Ni mke wa Bati, mwenzetu wa benchi, fundi wa kuezeka mapaa, anayeishi ng'ambo ya soko. Baada ya mtoto wa tatu mkewe aliwekewa kijiti cha kupanga uzazi, kile kinachopachikwa chini ya ngozi ya mkono. Tangu hapo, anasema Bati, mke si yule. Hacheki. Analia bila mtu kumgusa. Sufuria inaungua, naye amesimama palepale anaitazama. Bati alituletea habari hiyo asubuhi moja akiwa na kikombe mkononi, nasi bila haya tukaipokea.

Dawa ya kwanza aliitoa Refa: amnunie. Bati akanuna siku nzima, kesho yake tukamuuliza mke alisemaje. "Hakugundua," akasema. Dawa ya pili ikawa gauni jipya, nikalishona mimi. Mke akalipokea, akashukuru, akaenda kulilia chumbani. Dawa ya tatu ilikuwa ya Spika: muziki wa nguvu kila alfajiri, kuchangamsha damu. Mke akahamia kulala na watoto.

Sasa ilikuwa imebaki moja. Ndugu zake Bati walishakubali mwanamke arudishwe kwao "mpaka akili zimrudie", wakawa wanangoja neno la Bati. Na Bati, jinsi alivyo, alikuwa anangoja letu. Asubuhi hiyo alikuwa juu ya paa la mtu, mtaa wa pili, nyundo yake ikisikika mpaka hapa. Alisema akishuka atapita kusikia tumekata shauri gani.

— Arudi kwao, Refa akaanza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Refa ni mlinzi mstaafu wa ghala. Ghala walimnyang'anya, filimbi wakamwachia, na hoja ikimwelemea anaipuliza.

— Kumfukuza mtu ndiyo kuziba ufa? Spika akauliza. Yeye anatengeneza simu, na simu ndiyo dini yake.

— Ufa si yeye?

— Basi wewe ungejenga ukuta, Refa. Mimi nawaambia tatizo ni kile kijiti. Tumia akili. Kijiti kiko mkononi. Mtu akilala anaweka mkono wapi? Chini ya kichwa. Na simu iko wapi? Chini ya mto. Unadhani vinakaa vinatazamana tu?

— Vinafanya nini?

— Kinashika mtandao! Kinakamata huzuni za mtaa mzima. Mjane wa kule analia, kinadaka. Wa huku kafukuzwa kazi, kinadaka. Mke wa Bati halii vilio vyake, jamani. Analia vya watu.

Sukari akaacha kumimina.

— Kwa hiyo akienda sehemu isiyo na mtandao anapona?

— Papo hapo.

— Mjinga wewe, Refa akasema. Binti yangu anacho kijiti hichohicho mwaka wa tatu huu, na anacheka mpaka majirani wanalalamika. Kama kinashika mtandao, cha binti yangu kinashika vichekesho?

Spika akaomba kikombe cha pili.

— Sikilizeni siri ya wanawake, Refa akaendelea, akainamisha kichwa. Hawa watu wana kikao. Usiniulize wapi. Humo wanapangiana kulia kwa zamu. Mwezi huu wewe, mwezi ujao yule, ili sisi waume tusizoee raha. Ndiyo maana wahenga wakasema, mficha uchi hazai.

— Hiyo inaingiaje hapa?

— Inaingia kabisa! Mficha uchi, hazai. Wahenga ndio walioanzisha uzazi wa mpango. Na hawakutumia kijiti.

Sukari akacheka mpaka akamwagikiwa na kahawa. Mimi nilikuwa na pini tano mdomoni, nakunja upindo wa suruali, na ndiyo maana sikucheka. Au labda nilikuwa nimechoka tu.

Hapo ndipo alipokuja mwanamke mmoja, mfuko wa plastiki mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama. Karibu, fundi yupo, akajibu Refa kwa niaba yangu.

Benchi letu lina desturi moja nzuri, moja tu: akija mtu, wote tunasogea. Wakasogea. Mwanamke akakaa pale mwisho, mahali anapokaaga Bati, akafungua mfuko akatoa gauni la zambarau lenye utepe mweupe shingoni.

Mshono wangu naujua hata gizani. Nililikata gauni lile kwa kupima gauni la zamani ambalo Bati aliniletea amelifunga kwenye gazeti, huku akiniambia shemeji yako atafurahi huyu.

— Fundi, linanibana kiunoni. Naomba uliachie kidogo.

Nikaitikia kwa kichwa.

— Ni zuri, akasema. Usidhani nalikataa. Ila lilipimwa kwa mwili wa zamani, na huu wa sasa hata mimi mwenyewe siujui.

Hakulisema kwa kulalamika. Alilisema kama mtu anayetaja bei ya vitunguu, na ndiyo maana liliniingia. Nikamtazama vizuri. Mwanamke wa kawaida, nywele kafunga kitambaa, macho yamevimba kwa chini. Mtu ambaye usingizi na yeye hawajasalimiana siku nyingi.

Nikawageukia wale wa benchi, nikawakonyeza. Refa akadhani nina vumbi jichoni. Nikakohoa, pini ikanichoma ulimi, nikatema zote kiganjani.

— Jamani, nikasema, tubadilishe mazungumzo.

— Tubadilishe vipi na Bati yuko njiani? Spika akang'aka. Tena tumepata bahati. Mama, wewe ni mwanamke, tusaidie. Tuna mgonjwa wetu hapa.

— Spika, nikasema.

— Subiri, fundi. Mama, kuna mwenzetu mkewe ana kijiti cha uzazi. Kimempanda kichwani. Halali, hacheki, anatazama ukuta. Sisi tumemtibu kila namna.

— Mmemtibu, akasema yule mwanamke.

— Kwa ushauri. Tumempa mumewe muziki wa alfajiri.

— Ah. Muziki ulikuwa wenu.

— Wangu mimi, Spika akasema akijigonga kifua. Wewe umeusikiaje?

— Unasikika mbali.

Sukari alikuwa ameacha kucheka. Sukari si mwerevu sana, ila kwa kuuza kahawa amejifunza kutazama nyuso. Alimtazama yule mama, akalitazama gauni, akanitazama mimi. Nikafumba macho, yaani ndiyo. Akamimina kikombe, akampa yule mama bila kuombwa, na sijawahi kumwona Sukari akifanya hivyo kwa mtu.

— Refa hapa, Spika akaendelea kuchimba, anasema ni kikao cha wanawake, mnalia kwa zamu.

— Na zamu hii ni ya nani?

— Ndiyo tunataka utuambie!

Mwanamke akanywa kahawa kidogo. Akakunja uso, kama wote wanaoinywa mara ya kwanza.

— Mimi sijaitwa kwenye hicho kikao, akasema. Ningeitwa ningeenda. Angalau ningekaa na mtu.

Refa akashika filimbi yake lakini hakuipuliza. Nadhani habari ilikuwa inaanza kumwingia.

— Na mmeamuaje? akauliza yule mama.

— Arudishwe kwao, Refa akasema, sauti imepungua. Kwa muda. Mpaka akili... mpaka apate nafuu.

— Na watoto?

— Wabaki kwa baba. Ni kwa muda tu.

— Yule mdogo bado ananyonya.

Kule mtaa wa pili nyundo ikawa imenyamaza, na nikajua Bati ameshuka.

Mwanamke akaweka kikombe chini ya benchi, taratibu, kisimwagike.

— Nawauliza kitu kimoja, wazee wangu. Huyo mgonjwa wenu mwenyewe anasemaje?

Watu wanne tulikaa pale. Tulikuwa tumemjadili mwanamke yule asubuhi ngapi sijui, kwa birika ngapi sijui. Tulijua anavyolala, anavyolia, anavyounguza sufuria. Refa akamtazama Spika, Spika akanitazama mimi, mimi nikazitazama pini zangu. Sukari aliinua birika atumiminie, ili mikono ipate kazi, likatoa tone moja na machicha.

— Imekwisha, akasema.

Ndipo Bati akakata kona, vumbi la mbao nyweleni, nyundo imening'inia kiunoni, sauti yake ikitangulia kama kawaida.

— Wazee! Nipeni hukumu yangu, ndugu zangu wanapiga simu tangu... 

Akamwona mkewe. Amekaa mahali pake, gauni la zambarau mapajani.

— Mama watoto. Unafanya nini huku?

— Nimekuja kuwaona. Kila nikikuambia twende kliniki unaniambia subiri, wenzangu wanalifikiria. Nikasema ngoja nikawaone hao wanaofikiria.

Bati akageuza shingo kwetu. Hakuna aliyemtazama.

— Ningeenda peke yangu, mwanamke akasema. Yule nesi aliyeniwekea kijiti alishaniambia siku ile ile, ukiona mabadiliko usikae nayo nyumbani, njoo, tutakitoa, kuna njia nyingine. Nimefika mpaka getini mara mbili. Nikifika, nikifikiria kuanza kueleza, machozi yananitangulia, nageuza. Nilitaka mtu wa kunisemea maneno mawili tu, mpaka nipate pumzi. Sikuomba gauni. Sikuomba muziki.

— Sasa mimi ningejuaje... Bati akaanza.

— Ungeniuliza.

Ni hilo tu. Hakupandisha sauti. Mtu akipiga kelele unapata pa kujificha, unasema ni mkali. Yeye hakutupa hata hapo.

Bati alikuja karibu na benchi, akangoja tusogee. Ndiyo desturi yetu, nimeshasema. Hatukusogea. Si kwamba tulikubaliana, kila mtu aliganda kwa aibu yake mwenyewe. Fundi wa mapaa akabaki amesimama juani mbele ya mkewe, mikono haijui ikae wapi.

— Haya, mwanamke akasema. Niko hapa. Niulize.

Bati akafungua mdomo. Kisha, Mungu anisamehe, akatugeukia sisi. Nimezoea kuliona jicho lile: jicho la mtu anayengoja aambiwe la kufanya. Alimtazama Refa, na Refa alikuwa akiisugua filimbi yake kwa kidole gumba. Alimtazama Spika, na Spika, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa anatazama simu iliyozimika. Alimtazama Sukari, na Sukari alikuwa anakusanya vikombe. Mwisho akanitazama mimi. Nikazirudisha pini zangu mdomoni, moja moja.

Akabaki na mkewe.

— Unaumwa wapi, mama watoto? akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kwamba anayo.