Paa la Jiko la Mwanaisha

"Shikamoo mzee. Waya wote huo wa nini?"

Raheli, muuza mapeasi kutoka Vugiri, hakuwa akimjua mzee Mdoe. Walikutana tu kwenye basi dogo la Kosta la kutoka Handeni kwenda Korogwe. Nyuma yao Hajira, abiria mwenzao, aliacha kusoma simu yake.

"Marahaba. Wa antena." Kwa miaka ishirini na sita mzee alikuwa mwendesha redio ya mawasiliano ya shamba la mkonge. Sasa alitaka chumba cha redio na darubini uani kwake Sindeni, na kwa ajili ya darubini angetoboa paa la jiko la marehemu mkewe, Mwanaisha.

"Jiko la marehemu! Wanao wamekubali?"

"Wamenuna."

"Na mvua je?"

"Kifuniko cha bati chenye bawaba."

Hapo amejipanga, Hajira alikiri moyoni.

"Nilikuwa nikitoka kazini giza limeingia, mama, namkuta mke wangu jikoni anakitazama Kilimia. Zile nyota zikishuka magharibi, kesho yake anatoa mbegu za mahindi. Nataka nizitazamie palepale."

"Alizitazama kupitia paa?"

"Mlangoni. Ameegemea, mwiko mkononi."

"Sasa baba, mlango si upo?"

Mzee aliuviringisha upya waya wake mapajani.

Kosta ilisimama Korogwe. Fundi bati wa kwenda naye Sindeni alikuwa akimngoja kituoni na mkasi, akauliza tundu liwe la upana gani. Mzee alipanua mikono kumwonyesha, kisha akaishusha.