Kihisi Namba Tisa na Fundi wa Kituo cha Juu

Mgeni rasmi, mkurugenzi wetu wa utafiti, pamoja na wenzetu mliofika katika karakana hii,

KARIBU
Umekuja kupokea ripoti na kutia saini itifaki itakayotumika bonde zima. Tunakuomba utusikilize kabla hujashika kalamu.

TULIKOTOKA
Mwaka jana tulitawanya vihisi arobaini vya kupima kina cha mto. Havina waya, hupokezana ujumbe, jirani kwa jirani, hadi ufike kituoni. Tulishindanisha itifaki mbili, yaani kanuni za kuamua ujumbe upite wapi, miezi sita kila moja. Ya kwanza hufuata njia fupi. Ya pili huzungusha mzigo ili betri zichoke kwa usawa. Fundi mmoja, dada yetu, aliachwa kituo cha juu kuvisimamia.

MAFANIKIO
Njia fupi ilishinda. Ujumbe tisini na saba katika kila mia ulifika, na hadi mwisho vihisi vyote vilikuwa vinafanya kazi.
Matokeo haya si ya kweli.

CHANGAMOTO
Kihisi namba tisa kipo jirani na kituo, na kwa njia fupi hubeba ujumbe wa karibu wenzake wote. Kwa hesabu zetu kilipaswa kuzima mwezi wa nne wa jaribio. Mtunza stoo alipoona betri zimepungua, alimpigia fundi simu.

"Dada, betri kumi na mbili! Umezikaanga?"

"Nimemwekea namba tisa."

"We! Si unajua hapo umeharibu jaribio?"

"Najua. Wewe mwenyewe nilikufundisha mimi."

"Sasa?"

"Akizima, kioo kizima cha kompyuta kinanyamaza. Mara ya kwanza alipozima nilikaa kutwa nakitazama. Huku hakuna kingine kinachoniita, kaka."

Jioni hiyo alituandikia tarehe zote za kubadilisha betri, bila kuombwa. Nasi tulitazama kumbukumbu zetu: kabla ya simu hiyo, mwaka mzima tulimpigia mara sita, zote kuuliza takwimu.

MAOMBI
Usitie saini leo. Njia fupi ikitumika bonde zima, vihisi vya karibu na vituo vitazima katikati ya mvua, na wakazi wa chini hawatapata onyo la mafuriko. Jaribio la njia fupi lirudiwe. Fundi asifukuzwe; tarehe zake ndizo zilizotuokoa. Tena apelekewe mwenzake wa kudumu.

Tulitaka akusomee haya yeye mwenyewe. Hakuweza kuja, kwa kuwa hakuna wa kumpokea zamu.

Mungu akujalie afya na safari salama, na ukifika nyumbani ukute watu.

Ni sisi,
Mafundi na Wapimaji wa Mtandao wa Mto