Fahali wa Nkwabi

Mheshimiwa Mtemi, Bwana Shauri, wanangwa na wazee wa baraza, ndugu wageni waalikwa mliotoka mjini kwa baisikeli na mliotoka Ibadakuli kwa miguu, akina mama na akina baba: salamu aleikum, na kwa wakubwa wangu wote, shikamooni.

Mimi ni Fikirini bin Shaaban, muuza chumvi na kaniki. Nimepewa heshima ya kusema katika kufunguliwa kwa baraza hili jipya, na aliyenipa heshima hiyo amenionya nisiseme sana. Msiwe na hofu. Mwenye duka husema kama anavyopima chumvi, hupunja kidogo.

Wageni wameuliza kwa nini kuta za baraza hili zimeishia kiunoni. Je, udongo ulitupungukia? La. Mtemi ametaka hata apitaye njiani na mbuzi wake asikie yanayosemwa humu, na akiwa na neno, aseme. Ili mjue sababu, sharti niwasimulie habari ya fahali wa Nkwabi.

Ilipokuja amri ya kufyeka pori ili mbung'o wahame, Nkwabi alisimama katika baraza la zamani akasema kwamba mbung'o hufuata ng'ombe, hafuati miti, na kwamba tukikata pori tutabaki na jua na mbung'o vyote viwili. Mwanangwa wa wakati ule, mkuu wa kijiji chetu, ambaye sasa hayumo tena kazini, akaona amedharauliwa. Nkwabi akatozwa fahali, akakatazwa kusema barazani. Fahali akachinjwa siku ile ile, akaliwa na wazee waliompa Nkwabi pole huku wakitafuna. Mimi sikualikwa, ndiyo maana leo nina mdomo wa kusimulia.

Sasa nisikieni vizuri: Nkwabi alikosea. Pori lilifyekwa, mbung'o wakahama, na leo ng'ombe wanalisha pale ambapo zamani hata mbwa hakupita. Sikuja kumsifu kwa kuona mbali. Yeye mwenyewe hucheka akikumbushwa. Lakini mtu asiye na ruhusa ya kukosea, ana ruhusa gani ya kusema?

Maana baada ya hapo ikaja habari ya lambo. Tuliambiwa tulichimbe bondeni, penye mchanga. Nani hakujua kwamba mchanga haushiki maji? Mlijua ninyi, nilijua mimi, na punda wangu alijua. Tukachimba kiangazi kizima, tena tukiimba. Mvua zikanyesha, lambo likajaa, na kabla mtama haujaiva likawa limekauka. Nikamwuliza Nyamizi, mama Mihayo, anayeteka maji katika bonde lile tangu usichana wake, kwa nini hakusema. Akanijibu: "Baba Zuwena, mimi nina ng'ombe mmoja tu."

Jibu lile liliniuma sana. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Sisi tulikuwa wengi na neno likaharibika, kwa kuwa kila mmoja alichungulia zizi lake kwanza ndipo afungue mdomo. Maige, mtoto wa Nkwabi, akaenda zake Geita kwenye machimbo ya dhahabu, akisema huko angalau mtu hulipwa kwa kunyamaza. Leo amekuja, namwona pale, na nimefurahi kumwona.

Mheshimiwa Mtemi, ulipotawazwa hukutupa maneno matamu. Ulituuliza lambo la pili tulichimbe wapi, kisha ukakaa ukingoja. Tulitazamana, tukakohoa, tukasifu hali ya hewa. Nawe ukangoja tu, mpaka Nyamizi akasimama akasema. Wageni wetu, maji mliyonawa leo kabla ya chakula yametoka katika lambo hilo, na tumo katikati ya kiangazi.

Limebaki jambo moja. Mmeona kiti cha mbele kisicho na mtu, na mmenong'onezana ni cha nani. Asubuhi nami nilimwuliza Mtemi. Akaniambia: "Cha Nkwabi. Akikosea tena tutambishia, hatutamtoza."

Nawashukuru waliojenga, waliopika, na waliobeba maji. Kwa kunisikiliza, asanteni sana, au kama tunavyoshukuru huku, wabeja. Mzee Nkwabi, nakuona umekaa nje ya ukuta kwa mazoea. Ingia ndani, baba. Zamu ni yako.