Boksi la Besi na Mama wa Mapacha

Ndani ya basi, mshona nguo mmoja alijifanya anasoma simu, lakini masikio yote yalikuwa kwenye kiti cha mbele yake, ambako jamaa mmoja alikuwa akimsimulia mama asiyemjua habari za gari lake. "Spika nne mpya, mama, na besi kubwa kama friji! Boksi halikuenea kwenye buti, basi fundi akang'oa kiti cha nyuma."

"Chote?"

"Chote! Nakwenda kulichukua sasa hivi, halafu nikamtoe mke wangu hospitali. Kajifungua mapacha."

"Hongera! Kwa kawaida?"

"Kwa upasuaji."

Mama akashika kifua. Mshona nguo akasahau kwamba anasoma.

"Mwanangu! Na mshono wake, atakaa wapi?"

"Juu ya boksi. Nimelivika zulia."

"Na kiti cha mbele je?"

"Hicho cha mama mkwe. Nimvunjie heshima?"

Basi likasimama mbele ya gereji, na vioo vyote vikaanza kutetemeka, hata sindano zikacheza mkobani mwa mshona nguo. Jamaa akarukia mlangoni, uso unang'aa.

"Mnalisikia? Ndilo hilo! Watoto watalala fofofo!"